Nilimwamkia Mzee wa Ndani ya Goggles Huku Moto Unawaka, Nusura Nikose Kazi na Mke

Wakuu, hamjambo? Wa bara niambieni, wa pwani asalaam aleikum, na wale mnaosoma mkiwa kazini mkijifanya mko kwenye kikao, nawaona.

Leo naleta kisa changu mwenyewe, sikuhadithiwa. Wenzangu niliokuwa nao chumbani siku hiyo wamo humu humu jukwaani, kwa hiyo nikitia chumvi watanisuta hadharani.

Tuanze.

Mimi ni mtu wa Bodo. Kwa wasiopajua, ni kule chini karibu na Funzi, kwenye mikoko. Nafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Galu, pale Diani, jina lake nalimeza. Kazi yenyewe ni kuosha vyombo. Msicheke. Sufuria ya pilau ya wageni wa harusi ukiingia ndani yake unaweza kuoga ukajifuta.

Shida haikuwa kazi. Shida ni kwamba nilikuwa casual. High season nipo, low season naambiwa, "Nenda nyumbani, tutakupigia." Hiyo simu ya tutakupigia mwaijua wenyewe.

Sasa kuna binti wa Msambweni anaitwa Mwanamisi. Sitamsifu sana hapa maana anasoma, atavimba kichwa. Ila niseme tu kwamba nampenda, naye ananipenda, na kilichokuwa kati yetu kilikuwa kitu kimoja kinachoitwa babake.

Mzee Salim ni fundi cherehani. Kanzu nyingi mtakazoziona Msambweni siku ya Idi zimepita mkononi mwake. Ni mtu wa swala, hana makuu, lakini ana ulimi. Nilipomtuma mjomba wangu akaulizie habari za binti, alirudi na jibu hili:

"Binti yangu siozi kwa mtu wa msimu. Za msimu ni embe."

Lo! Mjomba alinifikishia maneno hayo akiwa anacheka. Sijamsamehe mpaka leo.

Na si hilo tu. Kila nikipita dukani kwake nasimama, nakunja mikono vizuri, naamkia: "Shikamoo baba."

Naye bila kuinua macho kwenye cherehani: "Mh."

Wakuu, mh! Marahaba nzima ilimshinda. Nyinyi mliolelewa pwani mwajua uzito wake. Shikamoo isiyoitikiwa hukaa kifuani kama mwiba wa samaki, haishuki wala haipandi. Nilikuwa naondoka pale nikiwa nimenyong'onyea kabisa.

Haya. Siku moja HR akatuita casual wote. Akasema hoteli inataka watu wa kudumu, nafasi zipo, lakini atakayepata ni yule atakayefaulu training ya usalama wa moto. Na training hiyo haifanywi kwa daftari. Inafanywa kwa VR.

Kwa wasiojua VR ni nini: ni madude makubwa ya kuvaa usoni, yanaitwa goggles, mfano wa ile miwani ya wageni wanaokwenda kutazama samaki baharini, ila hii ukivaa huoni nje kabisa. Unaona dunia nyingine. Ukigeuza kichwa, dunia nayo inageuka. Mikononi unashika vishikio viwili, na humo ndani vinakuwa ndiyo mikono yako.

Mimi moyoni nikasema, aka, hii ni yangu. Michezo ya simu naicheza mpaka kidole gumba kinaota sugu. Nikamtumia Mwanamisi ujumbe: "Mwambie baba msimu wa embe umekwisha."

Mdomo wangu huu.

Mwalimu wetu alitoka Nairobi, dada mmoja mcheshi, nitamwita Trainer Akinyi. Aliondoa viti vyote katika chumba cha mikutano, akachora mstari sakafuni kwa tepu, akaunganisha goggles na TV kubwa ukutani ili sisi tunaosubiri tuone anachokiona aliyevaa.

"Sasa guys," akasema, "ukivaa hii kitu utajipata ndani ya hoteli, na hoteli inachomeka. Job yako ni kuzima moto kama ni mdogo. Kama ni mkubwa, toa watu, utoke. Usikae. Moshi haina subira. Tuko pamoja?"

Tukaitika tuko pamoja.

Wa kwanza alikuwa Mutua wa laundry, mtu wa Machakos. Akavaa. Kwenye TV tukaona ukumbi wa hoteli, mapazia yanawaka, moshi umetanda juu. Na kwenye sofa kaketi mzee mmoja wa kanzu na kofia, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, ametulia tuli kama anasubiri kahawa.

Trainer Akinyi akatueleza, "Hapo mwanzo kulikuwa na mzungu wa kaptura. Tukasema no, watu wa Coast wapewe mtu wa Coast."

Wazo zuri, wakuu. Nia yao njema kabisa. Ngojeni tu.

Mutua hakuuliza wala hakubisha. Alimdaka yule mzee kiwiko, akamvuta sofani, akamkokota mpaka nje. TV ikawa kijani. Amefaulu.

Bi Riziki, mama mmoja wa usafi ambaye sote twamheshimu, akashika kiuno. "We Mutua! Mzee wa watu unamburura kama gunia la mkaa, hata salamu hukumpa?"

Mutua akasema, "Mama, kulikuwa na moto."

"Moto ndio uondoe adabu?"

Tulicheka. Kumbe tunajicheka wenyewe.

Zamu ya Bi Riziki ikafika. Akafunga mikanda ya goggles juu ya mtandio, akapiga bismillahi, akaingia. Moto unawaka. Akamwendea mzee, akasimama mbele yake kwa heshima zote. "Shikamoo baba."

Kimya.

"Shikamoo baba!"

Kimya. Moshi unashuka. Bi Riziki akageuka upande aliodhani Trainer Akinyi yupo, kumbe anazungumza na ukuta. "Mwanangu, haitikii. Nahisi kapitiwa na usingizi, tusimsumbue."

TV ikawa nyekundu.

Akafuata Hamadi wa bustani, jirani yake Mzee Salim kule Msambweni. Huyu aliona mwenzake kaanguka, akasema yeye atatumia hekima. Atamwamkia, kisha aketi karibu naye, ambembeleze kidogo kidogo mpaka akubali kuinuka. Akaamkia. Halafu akaketi sofani.

Wakuu, lile sofa liko ndani ya goggles. Chumbani hakuna sofa.

Kishindo alichoanguka nacho Hamadi kilimtoa meneja ofisini. Tulimwinua anajipangusa, goggles zimeenda upande, bado anauliza, "Mzee ametoka?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikawaambia, "Jamani, ni picha tu! Yule si mtu! Mshike umtoe, basi!" Nikavaa goggles kwa mbwembwe. Kwenye TV nilikuwa nimemwona mzee kwa mbali. Humo ndani, mzee yuko mbele yako, saizi yake kamili, ukinyoosha mkono unamfikia.

Nikamtazama usoni.

Wallahi alikuwa Mzee Salim. Ndevu zile zile, miwani ile ile puani, na ile namna ya kutokukuangalia. Aliyemchora hajawahi kufika Msambweni, lakini alimpata.

Mikono yangu ilijua la kufanya. Mdomo ukanitangulia. "Shikamoo baba."

Sasa ukishatoa shikamoo kwa mzee, unamshikaje kiwiko kabla hajaitikia? Niambieni nyinyi. Nilisimama pale mapazia yanaporomoka, king'ora kinalia, Trainer Akinyi anapiga kelele "Toa yeye! Toa yeye!", nami sisikii. Nilikuwa naingoja ile marahaba. Niseme ukweli, nilikuwa nimeingoja muda mrefu kabla ya siku hiyo, na roho iliniuma humo ndani ya goggles kana kwamba ni yeye kweli.

Moshi ukafunika kila kitu. Nikavua. TV nyekundu.

Trainer Akinyi alikuwa ameshika kichwa. "Guys, mbona wote mnaangushwa na huyu mzee?"

Bi Riziki akamjibu kwa upole, "Ni nyinyi mliomfundisha kutoitikia salamu, mwanangu."

Tukapewa nafasi moja tu, wiki itakayofuata. Atakayeanguka tena abaki casual.

Jioni nikampigia Mwanamisi. Alicheka, akacheka, simu akaiweka chini akacheka tena. Halafu akaniambia, "Nenda kamweleze baba."

"Nimweleze nini? Kwamba nimemwacha akaungua?"

"Ndio. Asikie kwako kabla hajasikia kwa Hamadi."

Hapo alinikamata. Hamadi ana mdomo wa redio. Siku yangu ya off nikapanda boda kutoka nyumbani mpaka Msambweni.

Mzee Salim yuko kwenye cherehani yake, mlangoni mwa duka, anashona sare za shule.

"Shikamoo baba."

"Mh."

Nikamsimulia yote. Goggles, moto, mzee wa sofani. Nilipofika pale kwamba anafanana naye, cherehani ikasimama.

"Kwa hiyo nimeungua."

"Ndio baba."

"Nikafa?"

"TV ilikuwa nyekundu, baba."

"Na wewe wasimama tu, wanitazama?"

Nikasema, "Nilikuwa nasubiri uitikie."

Neno hilo lilinitoka bila kulipima.  Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sare ya mtoto wa watu, akaivaa tena. Nadhani alijua sizungumzii goggles peke yake. Nikajiambia, basi, leo nimeharibu, Mwanamisi ndiyo kwaheri.

Mara nikaona mabega yanatikisika. Mzee anacheka! Alicheka mpaka akakohoa.

"Hebu sikiliza, mtu wa msimu. Siku ukinikuta motoni usiniamkie. Nishike unitoe. Nikigoma, nibebe. Shikamoo yako niletee nje nikiwa mzima. Maiti haina marahaba."

"Sawa baba."

"Sawa ya mdomo siitaki. Haya, nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Humu dukani! Duka laungua, hulioni? Nitoe!"

Wakuu, nilibabaika. Mzee amekaa kitako kwenye kiti chake, amekunja mikono, amenigomea kabisa. Nikamshika kiwiko kwa vidole viwili hivi, kama mtu ashikaye yai.

"Hivyo ndivyo wamtoa mtu motoni? Nishaungua! Anza upya!"

Nikaanza upya. Nikamshika sawasawa, nikamvuta, akajifanya mzito, nikamtoa mpaka barabarani. Akarudi ndani akakaa. "Tena. Na kichwa inamisha, moshi uko juu."

Watu wa Msambweni wakaanza kukusanyika. Wanaona kijana wa Bodo anamburuta fundi wao nje, fundi anarudi ndani mwenyewe, anaburutwa tena. Mama mmoja muuza mbaazi akatua kapu lake, akataka kunivaa. "We kijana, wampigia nini mzee wa watu?"

Mzee Salim akamwambia, "Mwache, ananiokoa!"

Mwanamisi alikuwa dirishani juu ya duka, amejiziba mdomo kwa leso. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kufurahi kama siku ile. Nilipoondoka jasho lanitiririka, mzee naye kanzu imejaa vumbi kotekote. Hakuniambia neno la posa. Alisema tu, "Nenda. Usinichome tena."

Siku ya marudio ikafika.

Nilivaa goggles. Ukumbi ule ule, mapazia yale yale, na mkwe wangu wa plastiki amekaa sofani kama kawaida yake. Mdomo ukataka kufunguka, nikauma meno.

"Mzee, moto! Twende!"

Nikamdaka kiwiko. Nikainamisha kichwa. Mlango wa kwanza nikaugusa kwa mgongo wa mkono kama tulivyofundishwa, ukawa wa moto, nikageukia mlango wa pili. Mzee anafuata. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumefika.

Nikatazama nyuma. Kofia yake imebaki sofani.

Subhanallah. Hiyo hatukuifanyia mazoezi. Mzee wa watu atoke hadharani kichwa wazi? Mguu mmoja ukarudi nyuma. Nyuma yangu chumbani nilimsikia Bi Riziki akinong'ona, "Kofia, kofia yake jamani." Baadaye Trainer Akinyi alituambia ule ndio mtego wenyewe, anayerudia mali amekwisha.

Nikasimama hapo kidogo tu, kisha nikamvuta mzee kwa nguvu na kumwambia kwa sauti, "Kofia utashona nyingine, baba!"

Tukatoka nje. Hewa safi, mnazi mmoja, kibao cha mahali pa kukusanyikia. Maandishi ya kijani yakajaa machoni. Nimefaulu.

Lakini sikuvua goggles. Nilikuwa nimebakisha jambo. Nikasimama mbele ya yule mzee wa kichwa wazi, nikakunja mikono.

"Shikamoo baba."

Kimya, kama kawaida. Halafu chumba kizima nyuma yangu, Bi Riziki, Hamadi, mpaka Mutua wa Machakos, wakaitikia kwa pamoja: "Marahabaaa!"

Nilivua goggles macho yamelowa. Nikasingizia jasho. Mutua akaniuliza, "Lakini ulijuaje anashona?" Nikamkabidhi Trainer Akinyi goggles zake.

Bi Riziki akafaulu baada yangu. Alimtoa mzee huku akimwomba radhi njia nzima, "Nisamehe baba, niwie radhi baba," lakini alimtoa. Hamadi naye alifaulu, na hakuketi popote. Contract zetu zikaja. Mimi si mtu wa msimu tena.

Hapa ningeweza kumaliza, ila kuna kipande kitamu kimebaki.

Trainer Akinyi aliona lile tatizo si letu peke yetu. Hoteli nyingine za Diani zingefuata, na kila mpwani angesimama kumwamkia yule mzee. Akasema watamrekebisha, mzee awe anaitikia na kumhimiza mtu watoke. Wakatafuta sauti ya mzee wa pwani, isiyo ya kuigiza.

Nikainua mkono. "Ninaye mmoja."

Mzee Salim alifika hotelini na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akaketi mbele ya kipaza sauti, akasema, "Marahaba, twende nje, salamu baadaye." Trainer Akinyi akasema, "Perfect, mzee!"

"Haikukaa vizuri," akasema mzee. "Fumua tuanze upya."

Ilifumuliwa mara nyingi mpaka mwenyewe aliporidhika. Kisha akataka avalishwe goggles amwone huyo pacha wake. Akavaa, akatazama juu, akatazama chini, akamzunguka.

"Huyu ndiye mimi?" akauliza. "Nani kamshonea kanzu hii? Mabega yamepwaya!"

Watu tulivunjika mbavu. Mimi nilicheka kwa kujificha nyuma ya Mutua, maana posa bado haijajibiwa.

Siku iliyofuata nilikuwa zamu ya mchana, nikapitia Msambweni asubuhi. Cherehani inakwenda. Nikasimama pale pale ninaposimama siku zote, nikakunja mikono. Wala sikuwa natarajia kitu.

"Shikamoo baba."

Cherehani ikasimama. Mzee Salim akainua macho, akanitazama usoni.

"Marahaba, mwanangu."

Wakuu, hilo mwanangu halikuwa kwenye ile rekodi ya hotelini. Nimesikiliza zote, halimo.

Akaendelea kushona. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na kitambaa, "Wazee wako waambie waje Ijumaa baada ya swala. Na wewe njoo nikupime mabega, sitaki uniaibishe kwa kanzu ya kupwaya."

Basi ndiyo hivyo. Nilichojifunza ni kwamba adabu yetu ni nzuri na siiachi, ila heshima kubwa ya mzee ni kumtoa motoni, maneno yatafuata. Na nyinyi wenye kutengeneza hizi VR za kufundishia watu, mkija kwetu tuleteeni mapema tuzivae, tuwaambie nani lazima aitikie.

Haya, uwanja ni wenu. Semeni ukweli bila kujitia ushujaa: moto unawaka, mkweo kaketi sofani, hajawahi kukuitikia hata siku moja. Ungemwamkia kwanza au ungemburuta? Mutua, wewe usijibu, tunakujua.